Seli koni moja haijui rangi: uzi wa tafiti za retina, kuanzia macho ya Dalton hadi rangi ya "olo"

Mpima_Macho (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo moja kuhusu jicho ambalo darasani hupitwa haraka, na kwangu mimi ndilo jambo zuri kuliko yote katika somo zima la kuona. Tunafundishwa kwamba ukutani nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga: seli fito za kuonea penye giza, na seli koni za kuonea rangi. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapata alama zake. Lakini ukiichunguza hiyo kauli ya "seli koni huona rangi" utakuta haisimami. Ukiitenga koni moja peke yake, haijui nyekundu wala kijani wala bluu. Watafiti wamehangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka 200, na mwaka 2025 timu moja ya Marekani imelionyesha waziwazi kiasi kwamba nimeona nilete uzi. Ni mrefu, kwa hiyo jipangeni.

Tuanze na hesabu. Retina moja ya mtu mzima ina seli fito karibu milioni 100, na koni kama milioni 5 au 6 tu. Hizo chache ndizo zinazobeba karibu kila tunachokiita kuona mchana: kusoma, kutambua sura ya mtu, kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Zimesongamana katikati ya retina, kwenye kishimo kidogo kiitwacho fovea, na hapo wastani wake unafika karibu koni 200,000 katika milimita moja ya mraba. Kwenye kitovu cha fovea hakuna seli fito hata moja. Kaza macho kwenye neno moja la mstari huu bila kuyahamisha, kisha jaribu kusoma neno la nne kulia kwake. Unaona kuna maandishi, ila hayasomeki. Hapo umeshatoka nje ya fovea.

Ndani ya kila koni kuna protini iitwayo opsini, na opsini imeshika kipande kidogo kilichotokana na vitamini A. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikikigonga, kipande hicho kilichokuwa kimepinda kinanyooka. Opsini inabadilika umbo, mlolongo wa kemikali unaanza, na mwisho wake vile vijia vya kupitishia ioni (chembe zenye chaji ya umeme) kwenye utando wa seli vinafungwa. Wengi hushangaa wakisikia hili: koni hutoa kemikali yake ya ujumbe kwa wingi ikiwa gizani, na mwanga ukiingia ndipo inapunguza. Yaani taarifa ya mwanga inafika kwa koni kunyamaza.

Binadamu wengi tuna koni za aina tatu, kila aina na opsini yake. Moja hupokea vizuri zaidi mwanga wa urefu wa wimbi wa nanometa 420 hivi, ya pili 530, ya tatu 560. Watu huziita koni za bluu, za kijani na za nyekundu. Mimi majina hayo nayapinga kabisa, kwa sababu mwanga wa nanometa 560 ukiuangalia si mwekundu hata kidogo, ni kijani kinachoelekea njano. Nitaziita koni fupi, koni za kati na koni ndefu, kwa kufuata urefu wa wimbi.

Sasa njooni kwenye kiini cha uzi. Koni ikishameza fotoni, haina kumbukumbu ya urefu wa wimbi wa fotoni ile. Inachopeleka mbele ni kiasi tu: nimemeza nyingi, nimemeza chache. Mchukulieni tajiri wa daladala anayeletewa hesabu jioni. Anaona jumla ya fedha, basi. Hawezi kujua kama gari lilibeba watu wazima wachache waliolipa nauli kamili au wanafunzi wengi waliolipa nusu. Koni ndefu iko hivyohivyo. Mwanga hafifu wa nanometa 560 na mwanga mkali wa nanometa 640 vinaweza kuletea koni hiyo jumla ileile, na kwake vitakuwa kitu kimoja. Mwanafiziolojia wa Uingereza William Rushton ndiye aliyeipa kanuni hii jina katika karne iliyopita, na karibu kila tafiti ya rangi iliyofuata inaiegemea.

Kwa hiyo rangi inapatikana wapi? Katika kulinganisha. Seli zinazofuata baada ya koni zinachukua hesabu ya koni ndefu na kutoa ya koni za kati, zinachukua hesabu ya koni fupi na kuipambanisha na jumla ya hizo mbili. Tofauti hizo ndizo ubongo unazifanya nyekundu, kijani, bluu na njano. Nyanya haimpi koni yeyote habari ya wekundu. Wekundu unazaliwa koni mbili jirani zinapotofautiana.

Thomas Young, daktari wa London, alikisia mwaka 1802 kwamba jicho lina vipokezi vya aina tatu tu. Hakuwa na darubini ya kuviona wala kemia ya kuvipima. Alifikiri tu: retina haiwezi kuwa na kipokezi tofauti kwa kila rangi katika kila nukta, nafasi haitoshi, basi lazima viwe vichache vinavyoshirikiana. Ukweli wake ulisubiri hadi mwaka 1964, pale timu mbili za Marekani, moja ikiwa na George Wald, zilipopitisha mwanga kwenye koni mojamoja za jicho la binadamu na kima na kupima unamezwa kiasi gani. Wakakuta makundi matatu. Wald alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi zake za kemia ya kuona.

Kati ya Young na Wald kuna kisa cha John Dalton, yuleyule wa nadharia ya atomu. Mwaka 1794 alisoma mbele ya jumuiya ya wasomi ya Manchester maelezo ya macho yake mwenyewe: wengine wanaona nyekundu, yeye anaona kitu kama kivuli. Alidhani ute wa ndani ya jicho lake una rangi ya bluu unaochuja mwanga mwekundu, na akaagiza akifa macho yake yachunguzwe. Alifariki mwaka 1844. Daktari wake akafungua jicho moja akakuta ute ni maangavu, hauna rangi ya bluu. Jicho la pili akalitoboa kwa nyuma na kuchungulia, vitu vyekundu na vya kijani vikaonekana kama kawaida. Nadharia ya Dalton ikaanguka, lakini vipande vya macho vikahifadhiwa Manchester. Miaka 150 baadaye, mwaka 1995, wanasayansi wa Uingereza walitoa DNA kwenye mabaki hayo na kukuta jeni ya opsini ya koni za kati haimo. Mtu aliuliza swali kuhusu mwili wake, akaacha mwili wenyewe ujibu, na jibu likapatikana wakati sayansi ya kulisoma ilipokuwa imezaliwa. Kila nikikisoma kisa hiki namheshimu zaidi.

Jeni zenyewe zilitambuliwa mwaka 1986 na Jeremy Nathans na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na DNA aliyoanza nayo Nathans ilikuwa yake mwenyewe. Ya koni fupi iko kwenye kromosomu ya 7. Zile mbili nyingine zimefuatana kwenye kromosomu X, na zinafanana kwa asilimia 96 hivi ya vijenzi vya protini. Kufanana huko na ujirani huo ndiko kunakoleta shida: wakati mbegu za uzazi zinatengenezwa, kromosomu hupangana vibaya, jeni moja ikadondoka au mbili zikaungana nusu kwa nusu. Hapo ndipo upofu wa rangi nyekundu na kijani unapotokea.

Sehemu iliyobaki, ya kuziona koni ndani ya jicho la mtu aliye hai, naileta kwenye posti inayofuata.

Mtoto_wa_Chole

Siti ya mbele kabisa. Mkuu endelea, usituache njiani.

Mpima_Macho

Tuendelee.

Kuiona koni ndani ya jicho la mtu anayepumua ni kazi ngumu, kwa sababu lenzi na konea (ule utando angavu wa mbele ya jicho) zetu zina kasoro ndogondogo zinazovuruga picha. Dawa ilitoka kwa wanaastronomia. Wao walikuwa na kioo kinachobadilisha umbo kila sehemu ndogo ya sekunde ili kufuta mtikisiko wa angahewa kwenye picha za nyota. David Williams na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester wakakigeuza kioo hicho kielekee ndani ya jicho. Mwaka 1999, Austin Roorda na Williams wakachapisha picha za retina hai zenye koni fupi, za kati na ndefu zilizotambuliwa moja baada ya nyingine.

Nilipoziona picha hizo mara ya kwanza nilitarajia mpangilio wa nidhamu. Hakuna. Koni za kati na ndefu zimetapakaa ovyo, huku kumi za aina moja zimekaa pamoja, kule zimechanganyika. Koni fupi ni chache, kama asilimia 5 hivi ya zote, na kwenye kitovu cha fovea hazipo kabisa. Tena watu hawafanani. Mwaka 2005 kundi hilohilo lilipima watu wenye uoni wa rangi wa kawaida, likakuta mmoja ana koni ndefu karibu sawa kwa idadi na za kati, na mwingine ana koni ndefu zaidi ya 16 kwa kila moja ya kati. Wote wanaita nyanya nyekundu. Wote wanafaulu vipimo.

Kisha mwaka 2016, Roorda akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, timu yake iligusa koni mojamoja kwa nukta ya mwanga na kumuuliza mwenye jicho ameona nini. Koni nyingi zilileta jibu la "nyeupe" tu. Chache zilileta nyekundu au kijani. Retina inatumia koni nyingi kuchora umbo la vitu, na chache zaidi kutoa habari ya rangi.

Na mwaka 2025 ndio wakaja na jaribio waliloliita Oz. Hebu fikirini: sehemu za wigo wa mwanga zinazopokelewa na koni za aina tatu zimeingiliana, na ya koni za kati iko katikati. Hakuna mwanga wowote duniani, wa jua, wa taa, wa upinde wa mvua, unaoweza kuziamsha koni za kati peke yake bila kuzigusa na nyingine. Ubongo wa binadamu haujawahi kupokea ujumbe huo tangu binadamu awepo. Timu ya Berkeley ikatengeneza ramani ya retina ya kila mshiriki, kila koni na aina yake, kisha leza ikawa inafuata mtikisiko wa jicho na kupiga koni za kati tu, karibu elfu moja kwa wakati, katika kipande kidogo cha uoni.

Watu watano walishiriki. Walichokiona walikieleza kuwa ni bluu-kijani iliyokolea kupita rangi yoyote waliyowahi kuona. Walipotakiwa kuilinganisha na mwanga wa kawaida uliokolea kuliko wote, walilazimika kuizimua kwanza kwa kuongeza nyeupe. Leza ilipofanywa makusudi ikose shabaha, rangi ile ilitoweka na mtu akaona kijani cha kawaida cha leza. Wakaipa rangi jina "olo", kutoka tarakimu 0, 1, 0: koni ndefu sifuri, ya kati moja, fupi sifuri. Simu yako haiwezi kuionyesha. Kile kipande cha bluu-kijani kilichosambaa mitandaoni ni makadirio tu.

Leza ilikuwa ileile na koni zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni jirani gani amenyamaza, na rangi mpya ikazaliwa. Ndiyo maana nikasema koni moja haijui rangi.

Mdadisi_255

Hapa kwenye koni 16 kwa moja nimekwama, mkuu. Kama mimi nina koni ndefu nyingi hivyo na wewe huna, basi nyekundu yangu siyo nyekundu yako. Iweje tukubaliane?

Mpima_Macho

Swali zito hilo mkuu, na kuna kitu kimepimwa kinacholigusa. Watafiti huwaomba watu waonyeshe njano halisi, ile isiyo na wekundu wala ukijani ndani yake. Kama rangi ingefuata wingi wa koni moja kwa moja, mwenye koni ndefu nyingi angeichagua sehemu tofauti sana na mwenzake. Haiwi hivyo. Watu wanachagua karibu mahali palepale. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba ubongo unajirekebisha kwa kufuata mwanga unaouzunguka, unajiwekea sifuri yake. Jay Neitz, Maureen Neitz na wenzao mwaka 2002 waliwavalisha watu vichujio vya rangi kwa saa kadhaa kila siku, na njano yao ikahama polepole, ikabaki imehama kwa muda hata baada ya kuvivua. Macho yetu yametofautiana ila tunaishi chini ya jua moja, na jua hilo linatusawazisha.

Kama hisia yako ya ndani ya wekundu ni sawa na yangu, hilo hakuna aliyelipima.

Kijana_wa_Veta

Nasomea umeme, na kipimo cha yale madoadoa ya rangi kilinishinda namba nyingi. Mjomba wangu, kaka yake mama, naye hivyohivyo. Baba anaona vizuri. Ina maana nimerithi kwa mjomba?

Mpima_Macho

Kaka, umerithi kwa mama, ila mjomba ni ushahidi mzuri. Jeni ziko kwenye X. Wewe mwanaume una X moja tu na imetoka kwa mama yako. Yeye ana mbili, moja nzima na moja yenye hitilafu, kwa hiyo kwake haionekani. Kaka yake alipata ileile yenye hitilafu kutoka kwa bibi yako. Ndiyo maana hali hii hupita kwa mjomba na mpwa, au babu mzaa mama na mjukuu, na watu wanadhani imeruka kizazi. Baba yako hahusiki kabisa. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ni kama 8 katika 100, wanawake kama mmoja katika 200. Kwa Waafrika idadi iliyopimwa ni ndogo zaidi, lakini si ndogo kiasi cha kusema haipo darasani kwako.

Yale madoadoa yalitungwa na Shinobu Ishihara, daktari wa macho wa Japani, mwaka 1917, na yametengenezwa makusudi ili ung'avu usikusaidie. Kukosa namba hakuonyeshi kiwango cha tatizo. Kabla hujaamua lolote kuhusu kozi yako, omba kipimo cha kupanga visahani vidogo vya rangi, kinaonyesha ni koni zipi na kwa kiasi gani. Na kwa sasa usitegemee macho kutofautisha nyaya za kahawia na kijani. Tumia tester kila mara.

Kijana_wa_Veta

Ahsante sana mkuu. Na ile miwani wanayouza mtandaoni inatibu?

Mpima_Macho

Haitibu. Inachuja mwanga ambao koni za kati na ndefu huupokea kwa pamoja, hivyo baadhi ya rangi zinatofautiana zaidi kuliko awali. Kwa mtu ambaye koni zake za kati na ndefu hupokea mwanga unaokaribiana mno, inaweza kumpa tofauti ambayo hakuwa akiiona. Kwa asiye na aina moja kabisa, haimwongezei. Ni ghali, na kwenye kazi ya umeme usiitegemee.

Mwalimu_wa_Bios

Uzi umetulia. Niongezee ya jirani zetu Uganda maana wengi hawaijui. Wanyama wengi wanaonyonyesha, mbwa na ng'ombe wakiwemo, wana koni za aina mbili tu. Sisi, sokwe, nyani, mbega na kima wa Afrika na Asia tuna tatu, kwa sababu jeni ya opsini kwenye X ilijirudufu miaka milioni 30 hadi 40 iliyopita. Swali ni faida yake ilikuwa nini. Wengi husema matunda yaliyoiva. Nathaniel Dominy na Peter Lucas walikwenda msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, wakawafuata sokwe na aina tatu za kima, wakapima rangi ya vyakula walivyokula, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo. Matunda mengi hata mwenye koni aina mbili angeweza kuyapata. Ambacho kilihitaji aina ya tatu ni majani machanga. Msituni majani mengi yanapochipua huwa na wekundu, na wakati huo ni laini na yana protini nyingi. Msimu matunda yakiadimika, anayeona wekundu huo juu ya kijani ndiye anayeshiba.

Mtu akitembea vijijini kwetu ataona jambo hilo kwenye mwembe. Majani yake mapya hutoka mekundu-kahawia kabla ya kuwa kijani.

Mpima_Macho

Mwalimu, ahsante kwa hili la Kibale. Wapo wanaoitetea hoja ya matunda mpaka leo na mjadala haujafungwa, ila kupima chakula porini mahali mnyama anapokila ni kazi ninayoiamini kuliko makisio ya mezani.

Mtoto_wa_Chole

Sisi tuliokulia baharini, wazee walitufundisha usiku ukitafuta taa ya mbali sana usiikodolee, tazama pembeni yake kidogo ndipo inatokea. Ukiielekea inapotea. Hii ni koni?

Mpima_Macho

Ni kukosekana kwa seli fito, mkuu. Ukiikodolea taa, picha yake inaangukia kwenye fovea, na pale ni koni tupu, ambazo mwanga hafifu namna hiyo hauziamshi. Ukitazama pembeni, picha inaangukia kwenye seli fito. Wazee walikuwa wanaitumia retina ipasavyo.

Na usiku usio na mbalamwezi mbona hatuoni rangi? Seli fito zina opsini ya aina moja tu. Hakuna wa kulinganishwa naye, kwa hiyo kila kitu ni kijivu. Gizani wote tuna upofu wa rangi. Angalieni kanga yenye nyekundu na bluu jua linapozama: nyekundu inazama kuelekea weusi mapema, bluu inabaki inang'aa, kwa sababu seli fito karibu hazipokei mwanga mwekundu. Jan Purkinje, Mcheki, aliliandika hilo karne ya 19.

Hapohapo niseme la vitamini A. Mtoto akiikosa, zinazoonyesha dalili kwanza ni seli fito: anajikwaa jioni, hatoki nje giza likiingia. Mzazi akiona hivyo asisubiri, kwa sababu hatua inayofuata ni konea kukauka na kuoza, na hiyo hairudi. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto kliniki yana sababu yake. Mchicha, viazi lishe, papai na maini vipo sokoni.

Mama_Wawili

Habari zenu. Naomba kuuliza, mwanangu wa darasa la tatu ana ualbino. Rangi anazitambua zote vizuri, anachora vizuri. Lakini ubaoni haoni hata akiwa na miwani, na macho yanacheza. Shuleni wanasema mvivu. Koni zake zina shida gani?

Mpima_Macho

Mama, pole, na mtoto wako si mvivu. Koni zake zinafanya kazi, ndiyo maana rangi anazijua. Shida iko kwenye mpangilio. Mtoto akiwa tumboni na miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, fovea hujichimba na koni husogea kujazana katikati. Hatua hiyo inahitaji melanini (ile rangi asilia ya ngozi na macho) kwenye tabaka la nyuma ya retina. Melanini ikipungua, fovea haichimbiki vizuri na koni hazisongamani kama inavyotakiwa. Nyuzi za neva kwenda kwenye ubongo nazo hupangika tofauti, na macho yanacheza. Miwani inarekebisha lenzi, haiwezi kusogeza koni. Ndiyo maana anavaa na bado ubao uko mbali.

Zile kamera zenye kioo kinachojikunja zimeshatumika kwa watu wenye ualbino, na zimeonyesha kwamba wanatofautiana sana: kuna ambaye koni zake za katikati zinakaribia msongamano wa kawaida, na kuna ambaye ziko mbali nao. Kwa hiyo asipimwe kwa kulinganishwa na mtoto mwingine mwenye ualbino.

La kufanya kesho: akae mstari wa mbele kabisa, mbali na dirisha linalomwangazia usoni, avae kofia yenye ukingo hata darasani kama mwanga ni mkali, aruhusiwe kusogea ubaoni au kunakili daftari la mwenzake, na mitihani aombewe maandishi makubwa. Kitabu akikisogeza karibu na uso mwacheni, hakidhuru macho. Akiinamisha kichwa upande ili macho yatulie, mwacheni pia. Nenda naye kwenye kliniki ya uoni hafifu, kuna vikuzaji na darubini ndogo za mkononi za kusomea ubao. Mwalimu wake akitaka maelezo, mwonyeshe posti hii.

Mama_Wawili

Mungu akubariki. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi.

Mwalimu_wa_Bios

Mama, mimi ni mwalimu na nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Nimeprinti maelezo haya, kesho yanaingia ofisi ya walimu.

Mdadisi_255

Swali la mwisho kwangu. Wapo wasio na koni zinazofanya kazi kabisa? Na hawa wote, tiba ipo au ni picha za maabara tu?

Mpima_Macho

Wapo. Kisiwa cha Pingelap, Mikronesia, kilipigwa na kimbunga karibu mwaka 1775, wakabaki watu kama 20. Mmoja wao alibeba hitilafu ya jeni, na leo kati ya watu 100 wa huko, 5 hadi 10 hawaoni rangi yoyote na mwanga wa mchana unawaumiza. Mwaka 2000 jeni yenyewe ilitambuliwa, inaitwa CNGB3. Ndiyo inayojenga sehemu ya vile vijia vya ioni nilivyovitaja mwanzo. Koni zao zipo, fotoni inapokelewa, mlolongo unaanza, ila hatua ya mwisho haifanyiki.

Kwa tiba, tukio kubwa ni la mwaka 2009. Timu ya akina Neitz, Chuo Kikuu cha Washington, ilichukua kima wawili madume wa Amerika ya Kusini, wazima kabisa, waliozaliwa na koni za aina mbili. Wakapewa jeni ya koni ndefu ya binadamu kwa kirusi kisicho na madhara. Baada ya miezi kadhaa wakaanza kutofautisha nyekundu na kijani, na uwezo huo ukadumu. Mmoja wa kima hao walimwita Dalton. Kabla ya hapo ilidhaniwa ubongo wa mnyama mzima hauwezi kupokea rangi mpya. Ilitosha kuongeza koni ya kulinganishwa nayo, na ubongo ukafanya kazi yake.

Kwa binadamu wasioona rangi kabisa, majaribio ya kuwapa jeni yameanza Ujerumani, Uingereza na Marekani. Mpaka sasa ni salama kwa kiasi kizuri, ila maendeleo ya kuona ni madogo na hayafanani. London walifuatilia watoto wanne, wawili kati yao ubongo ukaonyesha dalili za ujumbe mpya kutoka kwenye koni. Kwa upofu wa nyekundu na kijani, kama wa kijana wetu wa umeme, hakuna tiba iliyoidhinishwa. Atakayekuuzia dawa ya matone anakudanganya.

Ninachokisubiri mimi ni timu ya Oz. Wamesema wanataka kutumia leza yao kwa mtu mwenye upofu wa rangi. Wachukue koni zake za aina moja, wazigawe makundi mawili, na kulipa kila kundi mwanga wake kana kwamba ni aina mbili tofauti, bila sindano wala jeni. Swali ni kama ubongo wake utajifunza kulinganisha makundi hayo na kumpa rangi ambayo hajawahi kuiona. Matokeo yakitoka nitayaleta humuhumu.